Nani Anabaki na Elimu Mradi Ukifungwa? Ushauri wa Kilimo Fizi na Baraka

Mwaka 1941 watafiti wawili wa Kibelgiji, Beirnaert na Vanderweyen, walitangaza matokeo ya kazi yao katika kituo cha Yangambi, kando ya mto Kongo. Waligundua kwamba unene wa ganda la kokwa ya mchikichi hutawaliwa na jeni moja tu. Mchikichi wa ganda nene, uitwao Dura, ukichavushwa na ule usio na ganda, uitwao Pisifera, watoto wote hutoka Tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, na mafuta yanayozidi ya Dura kwa kiasi cha asilimia 30. Malaysia na Indonesia zilijenga utajiri mkubwa juu ya ugunduzi huo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga mkoani Kigoma kimekuwa kikizalisha miche ya Tenera tangu serikali ya Tanzania ilipoanzisha kampeni yake ya michikichi mwaka 2018. Lakini katika Fizi, mashariki ya Kongo, ndani ya nchi ileile iliyozaa ugunduzi huo, kwenye ukanda wa ziwa kuanzia Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka, ambako mawese hulipa karo za watoto na dawa za wagonjwa, michikichi mingi ni mizee na ya ganda nene.

Mkulima wa Mboko akiona kwa jirani mchikichi unaotoa mafuta mengi, hufanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: huokota mbegu chini yake akapanda. Hapo ndipo anapoumia bila kujua. Mbegu za Tenera hazitoi Tenera tupu. Ua lake likiwa limepata chavua kutoka kwa michikichi ya Dura iliyouzunguka, karibu nusu ya miche itarudi kuwa Dura. Likiwa limepata chavua ya Tenera mwenzake, robo itakuwa Dura na robo nyingine Pisifera, ambayo mara nyingi haizai kitu cha maana. Mkulima huyo atayajua haya baada ya miaka mitatu au minne ya kupalilia, siku atakapokata tunda la kwanza kwa panga. Hakupungukiwa na juhudi wala ardhi. Alipungukiwa na maelezo ya dakika 5 kutoka kwa mtu anayejua, kabla hajachimba shimo.

Swali la ushauri wa kilimo katika Fizi liko hapo. Wengi hulijibu haraka. Wapo wanaosema mkulima hana elimu, wapo wanaosema maagronomu ni wachache, na wapo wanaosema vita vimeharibu kila kitu na hakuna la kufanya hadi amani irudi. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini elimu iliyokwisha kufika Fizi, tena mara nyingi na kwa gharama kubwa, haikukaa. Maoni yangu ni kwamba elimu hiyo imekuwa mali ya watu wanaopita. Ililetwa na dola iliyotaka pamba, ikaletwa na dola iliyotaka mkopo wa Benki ya Dunia, kisha ikaletwa na miradi yenye tarehe ya kufungwa. Wale ambao hawana pa kwenda, yaani wakulima wenyewe, akina mama wa mashambani, maparokia na vyama vyao vya akiba, hawajawahi kukabidhiwa elimu hiyo pamoja na fedha na mamlaka ya kuiendesha.

Tuanze na mzizi wenyewe, kwa kuwa bado unaonekana. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilitunga sheria ya kilimo cha lazima. Kila mwanamume wa kijijini alitakiwa kufanya kazi hadi siku 60 kwa mwaka kwenye mazao yaliyochaguliwa na utawala, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, siku hizo zikapandishwa hadi 120. Agronomu wa zama hizo alitembea na monita, msaidizi wake, wakipima mashamba, na aliyekosa kutimiza kipimo alingojewa na faini, jela au kiboko. Utafiti wa kisayansi ulikuwa wa hali ya juu: taasisi ya INEAC, iliyoundwa mwaka 1933, ilisifiwa kote katika nchi za joto, na kituo chake cha Mulungu karibu na Bukavu bado kipo chini ya mrithi wake, INERA. Lakini elimu hiyo ilimfikia mkulima ikiwa amri. Wazee walirithishana tahadhari moja: mtu wa serikali akija shambani, mpe jibu analolitaka, kisha endelea na lako. Tahadhari hiyo haikuzaliwa na ujinga, na mshauri wa leo anayekuta vichwa vinaitika huku mikono haifuati angefaa aikumbuke kabla ya kuwalaumu watu.

Uhuru haukuponya jeraha hilo katika Fizi. Uasi wa mwaka 1964 uliigeuza milima ya huku kuwa uwanja wa vita, na kuanzia mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila na chama chake cha PRP waliishi katika ngome yao ya Hewa Bora kwa miaka mingi wakiwa nje ya mkono wa Kinshasa. Kwa hiyo wakati maeneo mengine ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, yalipopata angalau kivuli cha huduma za serikali, sehemu kubwa ya Fizi ilihesabiwa kuwa nchi ya adui. Mwaka 1989 ilipoundwa idara ya taifa ya ugani, SNV, kwa mtindo wa mafunzo na matembezi uliopendwa sana na Benki ya Dunia, mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi: mtaalamu anamfundisha monita, monita anamtembelea mkulima kwa ratiba maalumu, mkulima anawafundisha wenzake. Miaka miwili baadaye ukaja uporaji wa Septemba 1991, wafadhili wakaondoka, na monita akabaki na cheo bila mshahara wa kumfikisha hata kijiji cha pili. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti wa taasisi ya IFPRI waliochunguza ugani katika magharibi ya Kongo walikuta jambo linalopaswa kuwanyamazisha wanaodai kwamba tatizo ni uhaba wa watu. Maofisa walikuwapo, tena wengi kwa majina. Walichokosa ni fedha za kufanyia kazi, mafunzo mapya, usimamizi, na sababu ya kutoka ofisini.

Kisha ukaja uhamisho, na hapa Fizi ina hasara ambayo haionekani katika ripoti za kilimo. Vita vya 1996 na vya 1998 viliwavusha watu wa Fizi kwa makumi ya maelfu hadi Kigoma. Mauaji ya Makobola, mwishoni mwa Desemba 1998 hadi siku ya mwaka mpya, yaliwafanya wengi waache nyumba bila kugeuka nyuma. Kambi za Nyarugusu na Lugufu ziliwapokea. Huko walipata shule, zahanati na mgao wa chakula, lakini hawakupata mashamba, kwani kanuni za Tanzania ziliwazuia wakimbizi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Ilipofika Oktoba 2005 meli za kurudisha watu zikaanza kutia nanga Baraka. Mtoto aliyeondoka akiwa na miaka 6 alirudi kijana. Huenda alisoma vizuri, lakini hakuwahi kufuatana na mama yake msimu mzima kutoka kufyeka hadi kuvuna. Hakujifunza ni mbegu gani huwekwa juu ya moshi wa jiko, ni bonde gani hujaa maji mwezi wa nne, ni muhogo gani hauliwi bila kulowekwa. Elimu ya kilimo hupita katika mikono ya watu wanaofanya kazi pamoja, na mikono hiyo ilitenganishwa kwa karibu miaka 10, wengine zaidi. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaodhani kwamba mashirika yalifika Fizi kuongeza elimu mpya juu ya ya zamani. Kwa familia nyingi hata ya zamani ilihitaji kujengwa upya.

Mashirika yalifika kweli, na si haki kuyafuta yote kwa neno moja. Mradi wa Jenga Jamaa wa shirika la ADRA, uliofadhiliwa na Marekani, ulifanya kazi Uvira na Fizi, na awamu yake ya pili iliendelea kuanzia 2011 hadi 2016. Uliunganisha mashamba darasa, masoko na vikundi vya akina mama. FAO nayo ilisambaza mbegu na kuendesha mashamba darasa ya namna hiyo. Shamba darasa lilizaliwa Indonesia mwaka 1989, katika mpunga, wakati dawa za wadudu zilipokuwa zinaua wadudu wema na kuwaacha waharibifu. Wakulima 20 hadi 30 hukutana kila wiki kwa msimu mzima, wakapanda sehemu moja kwa mtindo wao na sehemu nyingine kwa mtindo mpya, wakahesabu wadudu, wakachora walichoona, wakabishana. Hakuna anayeambiwa aamini. Baada ya karne ya amri, njia hii ilikuwa na heshima ndani yake, na waliopitia huizungumzia kwa fahari.

Udhaifu wake ni mwingine. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za mashamba darasa duniani, uliotolewa mwaka 2014 na taasisi ya 3ie, ulionyesha kwamba waliohudhuria hunufaika, lakini majirani zao wasiohudhuria hawapati kitu cha maana. Jambo hilo halinishangazi. Aliyejifunza kwa kukaa shambani wiki baada ya wiki hawezi kumpa mwenzake uelewa ule kwa mazungumzo ya njiani kwenda sokoni. Anaweza kumpa kanuni, kwamba apande kwa mstari na aache nafasi kadhaa, lakini hawezi kumpa macho. Kwa hiyo mradi unaopanga kwamba wahitimu wachache watasambaza elimu wilaya nzima bila msaada zaidi unajidanganya. Na mradi wa miaka 5 hutumia mwaka wa kwanza kuajiri na mwaka wa mwisho kuandika ripoti. Gari likiondoka, mkufunzi aliyekuwa akilipwa anatafuta shirika jingine, na kikundi kinabaki na daftari, vibao viwili na kumbukumbu ya posho. Posho hiyo yenyewe imeleta madhara. Watu wamezoea kuuliza mkutano una nini kabla ya kuuliza unahusu nini, na hilo walifundishwa na waliokuwa wakilipa.

Muhogo ndio unaoonyesha vizuri kuliko zao lolote jinsi elimu inavyofika nusu. Fizi inaishi kwa muhogo: bukari mezani, sombe pembeni, na unga unaosafirishwa kwenda Uvira. Aina kali ya ugonjwa wa batobato iliyoanza kusambaa kutoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 ilifika mashariki ya Kongo na kuyakunja majani ya mashamba mazima. Jibu la watafiti lilikuwa mbegu zinazostahimili, na aina kama Sawasawa zikaenezwa Kivu kote. Ulikuwa msaada wa kweli. Kuna kaya zilizorudi kula mara mbili kwa siku kwa sababu yake. Lakini muhogo haupandwi kwa punje. Hupandwa kwa kipande cha mti, na kipande hubeba ugonjwa wa mama yake. Batobato huenezwa na nzi weupe, lakini huenezwa zaidi na mtu mwenyewe anapofunga mzigo wa miti kwenye baiskeli au mtumbwi na kuupeleka kwa shemeji yake kijiji cha mbali. Shirika linaponunua miti kwa zabuni, likaijaza kwenye lori na kuigawa bure bila mtu kuikagua shambani ilikotoka, linaweza kugawa ugonjwa kwa moyo mwema kabisa.

Mwaka 2012 watafiti wakathibitisha mashariki ya Kongo, katika Kivu ya Kaskazini, ugonjwa mbaya zaidi kwa mkulima: michirizi ya kahawia. Batobato huonekana kwa jinsi majani yalivyopinda. Michirizi hujificha. Majani yanaweza kuonekana ya kuridhisha, mama akasubiri mwaka mzima, akang'oa na kukuta mzizi umeoza ndani, kahawia na mkavu kama kizibo. Na aina inayostahimili batobato si lazima istahimili michirizi. Mtu aliyefundishwa mwaka 2008 kwamba mbegu mpya ni salama, asipofundishwa tena, anabeba elimu iliyochacha. Anahitaji kujua kwamba akichagua miti ya kupanda asiangalie shina na majani peke yake, bali ang'oe, akate mizizi vipande vipande, atazame rangi, ndipo achukue mti wa mama mwenye mizizi safi. Hilo linafundishika kwa asubuhi moja. Lakini linafundishika na mtu aliyepo kijijini wakati wa kuvuna, ambaye ndiye hayupo.

Kuna upande mwingine, na hapa mtafiti ndiye anayepaswa kusikiliza. Yeye hupima tani kwa hekta. Mama wa Lweba au Sebele hupima mambo mengine: majani yake yanapikika sombe laini? Mzizi unaweza kukaa ardhini miaka 2 bila kuharibika, ili akilazimika kukimbia, arudi akute chakula? Ni mchungu kiasi cha kumfukuza mwizi na nguruwe? Uchungu huo ni sumu ya sayanidi, na wanawake wanajua kuuondoa kwa kuloweka mizizi siku kadhaa, kuimenya na kuianika. Njaa au haraka ya soko ikifupisha siku hizo, hatari ya konzo, ugonjwa unaopooza miguu, huwa karibu. Mshauri anayekuja na aina tamu yenye mavuno mengi bila kuuliza maswali haya atashangaa kuona mashamba yamerudi kwenye aina za zamani baada ya misimu miwili. Wakulima walikuwa wamefanya hesabu ambayo fomu yake haikuwa na nafasi ya kuiandika.

Kivu ina mfano mzuri wa elimu iliyokubali kurekebishwa na mkulima. Mnyauko wa bakteria wa migomba uliingia Kongo mwaka 2001 kupitia Masisi. Ushauri wa kwanza uliotolewa katika nchi za Maziwa Makuu ulikuwa kung'oa shina lote pamoja na machipukizi yake na kuiacha ardhi ipumzike kwa miezi. Kisayansi ulikuwa sahihi, lakini familia yenye migomba 40 ilikuwa inaambiwa iharibu benki yake. Wengi hawakufanya, na ugonjwa ukaendelea. Watafiti walipokaa na wakulima wa Kivu ndipo ikaenea njia nyepesi: kata shina lile moja linaloonyesha dalili, chini kabisa, kila wiki bila kuchoka, choma panga kwenye moto kabla ya kugusa shina jingine, ondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu. Ni kazi inayowezekana kwa mwanamke mwenye panga moja na mtoto mgongoni. Tofauti kati ya ushauri ule wa kwanza na huu wa pili ndiyo tofauti kati ya ugani uliotungwa ofisini na ugani uliozungumzwa.

Yapo mambo ambayo hakuna shamba darasa litakaloyatatua, na mshauri asiyeyagusa anaongea hewani. Ardhi ni la kwanza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973, katika kifungu cha 389, iliahidi agizo la rais la kueleza haki za watu kwenye ardhi za mila. Agizo hilo halijatoka hadi leo. Kwa hiyo mkimbizi wa Burundi aliyewekwa Lusenda tangu 2015, anayekodi kipande kwa msimu, na mjane anayelima kwa ruhusa ya shemeji zake wote wana sababu nzuri ya kutopanda mti wala kujenga matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kuwaambia wapande Tenera itakayozaa mwaka wa nne ni kuwaomba wamtajirishe mwingine. Kuna pia ng'ombe wanaoteremka kutoka nyanda za juu kwenda Ngandja wakati wa kiangazi. Zamani mfugaji alitoa itulo, yaani ada ya malisho, kwa mwami, chifu wa eneo, njia zikajulikana, na mazao yaliyoharibiwa yakajadiliwa. Silaha zilipoingia katikati ya wakulima na wafugaji, majadiliano hayo yakavunjika, na mkulima anapochagua kupanda mahindi au muhogo, mbali au karibu na nyumba, anapiga hesabu ya ng'ombe na ya bunduki kabla ya ile ya mbolea. Vijana nao wanavutwa na machimbo ya dhahabu ya Misisi. Ushauri unaostahili Fizi ni ule unaoanza kwa kuuliza: je, msimu huu una hakika ya kuwapo siku ya kuvuna?

Swali hilo, kwa sehemu kubwa, linapaswa kuulizwa kwa wanawake. Wao ndio wanaopanda, wanaopalilia, wanaoloweka muhogo, wanaochagua mbegu. Hadi sheria ya Julai 2016 iliporekebisha kanuni ya familia ya mwaka 1987, mke wa Kikongo alihitaji idhini ya mume kwa mambo mengi ya kisheria, na mazoea hayafi siku sheria inapochapishwa. Mkutano wa ugani ukiitishwa saa 4 asubuhi, chini ya mti wa chifu, utajaa wanaume wenye nafasi. Mwanamke yuko shambani au mtoni. Vikundi vya MUSO na likelemba, ambako akina mama huweka akiba kila wiki na kuaminiana kwa fedha, tayari vina ratiba, kitabu cha hesabu na uongozi. Sielewi kwa nini kila mradi huunda kikundi kipya chenye jina la mradi wakati vikundi hivi vipo na vitakuwapo baadaye.

Lugha nayo inagharimu zaidi ya tunavyokiri. Karatasi za kitaalamu za Kongo huandikwa kwa Kifaransa, wakati Baraka inazungumza Kiswahili sokoni, kanisani na shuleni, pamoja na Kibembe nyumbani. Arusha kunachapishwa tangu 2011 jarida la Mkulima Mbunifu, kwa Kiswahili ambacho mama wa Mboko aliyekaa Lugufu anakisoma bila shida. Tabia ya nchi ya Kigoma ni ya ziwa lilelile, na mazao ni yaleyale. Redio za jamii zinaweza kubeba elimu hiyo mbali zaidi kuliko pikipiki yoyote, na majaribio ya Farm Radio International katika nchi tano za Afrika kati ya 2007 na 2010, Tanzania na Uganda zikiwamo, yalionyesha kwamba vipindi vinavyopangwa pamoja na wakulima huwafanya wengi zaidi kujaribu mbinu mpya kuliko vipindi vya kuhutubia. Kiwavijeshi vamizi alipoonekana Afrika mwaka 2016 na kuenea Kongo upesi, redio ilikuwa chombo pekee chenye kasi ya kumkimbiza. Ila redio haiwezi kukata mzizi wa muhogo ikakuonyesha rangi. Inahitaji mtu wa kwenda kumwona baada ya kuisikiliza.

Majirani wamejaribu njia mbalimbali za kumpata mtu huyo. Uganda iliunda huduma ya ushauri ya NAADS mwaka 2001 ili wakulima wapate washauri kwa mikataba. Mwaka 2014 kazi ikaelekezwa kwenye kugawa mbegu na miche chini ya wanajeshi, na ushauri ukapungua huku miche mingi ikifika bila maelezo. Tanzania imebaki na ofisa ugani aliyeajiriwa na serikali, na mwaka 2022 ikawapa maofisa hao maelfu ya pikipiki. Rwanda, kwa mfumo wa Twigire Muhinzi, iliweka mkulima mhamasishaji katika kila kijiji, zaidi ya 14,000 kwa jumla. Mfumo huo umefika mbali, ingawa unabeba pia malengo ya serikali yanayoshuka kutoka juu. Kinshasa yenyewe, mwaka 2014, ilichagua kuweka matumaini na fedha nyingi katika bustani ya kilimo ya Bukanga-Lonzo yenye hekta 80,000, ambayo kufikia 2017 ilikuwa imesimama. Inauma kufikiri fedha hizo zingewalipa monita wangapi, kwa miaka mingapi.

Hali ya sasa imeondoa uwezekano wa kuendelea kungoja. Bukavu ilichukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025, na hivyo INERA Mulungu, kituo cha utafiti cha IITA cha Kalambo na ofisi za ukaguzi wa kilimo za mkoa zikawa upande mmoja wa mstari wa vita, Fizi upande mwingine. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID ilifungwa, na pamoja nayo mkondo mkubwa wa fedha uliokuwa umebeba miradi kama Jenga Jamaa. Ziwa lenyewe limepanda na kumeza nyumba na mashamba ya ufukweni. Wanaoshauri kusubiri mradi mwingine wanasubiri kitu ambacho hata kikija kitakuwa kidogo.

Fedha za ndani zipo kwenye sheria. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 175, inazipa provinsi asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria za ugatuzi za mwaka 2008 zinaipa miji na sekta, kama mji wa Baraka na sekta nne za Fizi, yaani Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge, sehemu ya fungu hilo. Fungu hilo halijawahi kufika kamili, na viongozi wa Fizi wana haki na wajibu wa kulidai kwa sauti kubwa. Lakini hata ushuru wa masoko, unaokusanywa kutoka kwa mama anayeuza muhogo na mawese, ungetosha kuanza na mshauri mmoja kwa kila sekta, na pembeni yake wakufunzi wakulima wanaolipwa kwa siku wanazofanya kazi. Nasisitiza kulipwa. Kazi ya kujitolea imesifiwa sana na watu wenye mishahara, na wanaoifanya huchoka baada ya msimu wa pili.

Sheria ya kilimo ya Desemba 2011 inaruhusu mabaraza ya ushauri ambamo wakulima hukaa na serikali. Katika Fizi baraza kama hilo lingepewa kazi tatu za kuanzia, zote ndogo kiasi cha kufuatiliwa kwa macho. Kwanza, shamba la miti safi ya muhogo katika kila sekta, kwenye ardhi ya parokia au ya kikundi cha akina mama, likaguliwe kwa kukatwa mizizi mbele ya watu kila mavuno. Pili, kitalu kimoja cha Tenera karibu na Baraka, kwa mbegu zinazonunuliwa Kihinga na kuvushwa na cheti cha afya ya mimea, na kila anayechukua mche aonyeshwe kwanza tunda la Dura na la Tenera yaliyokatwa katikati. Tatu, saini. Mshauri wa sekta asilipwe mshahara wa mwezi hadi fomu yake iwe na saini za viongozi wa vikundi vya MUSO vya vijiji alivyosema amevitembelea, na walau nusu ya saini hizo ziwe za wanawake.